Kifuniko Kinachofunguka Kinyume

Nilikuwa nakaza mkanda wa pili wa sanduku la tatu Verlene aliponiambia niufungue tena.

"Una nini mkanda huu?"

"Umeuvuta kama unafunga nguruwe. Hao vijana wa jeshi watapoteza dakika nzima hapo, na tumepewa kumi tu. Legeza, profesa."

Nikalegeza. Verlene huniita profesa kwa sababu sikusoma shule ya ufundi hata siku moja. Mambo ya umeme niliyatoa kwenye vitabu vya maktaba ya mji wetu, Tindall, kitabu kimoja kwa mwezi, na ninapokwama husema, "Subiri niangalie." Hilo humchekesha tangu tulipoanza kazi pamoja, miaka kumi na moja iliyopita.

Sajini Okerlund alikuwa amesimama kando yetu na lakiri tatu nyekundu za plastiki mkononi, akisubiri bila kutuharakisha. Nilipomaliza, alizipitisha kwenye vishikio vya masanduku, akazivuta zikalia.

"Kuanzia sasa hamyagusi," alisema. "Leo yatafunguliwa mawili, la tatu kesho saa tatu asubuhi. Kila sanduku na askari wake, ambaye hajawahi kukiona chombo chenu. Anapewa karatasi yenu ya maelekezo na dakika kumi. Wawili kati ya watatu wakikiwasha, mmepita. Nyinyi mnakaa nyuma ya kamba ya njano. Hakuna neno, hakuna ishara, hakuna kukohoa kwa maana."

"Na kukohoa bila maana?" Verlene aliuliza.

"Kohoa ukiwa nje, Mama Stroud."

Ndani ya kila sanduku kulikuwa na Sikio. Ndilo jina tulilokipa chombo chetu. Ni kasha la ukubwa wa boksi la viatu, lenye mabomba manne mafupi yaliyotazama pande nne. Linasikiliza droni, ndege isiyo na rubani, kabla haijaonekana, kisha linawasha taa nyekundu upande inakotokea. Tunalitengeneza kwa mabomba ya kumwagilia mashamba, kwa sababu karakana yetu ilikuwa ya pampu za maji na mabomba ndiyo tuliyonayo. Moja linagharimu dola mia sita na arobaini. Jeshi lilisema lisizidi elfu moja. Lilitaka kitu ambacho askari anaweza kupewa leo na kukipoteza kesho bila mtu kuitwa ofisini.

Kampuni kumi na nne zilikuja kambini. Tano zingechaguliwa kwenda kwenye majaribio ya porini majira ya kuchipua, kila moja na oda ya vyombo mia mbili, na majina yangesomwa kesho yake mara tu dakika kumi za sanduku la tatu zikiisha. Nyingi zilikuwa na vijana waliovaa fulana za rangi moja. Sisi tulikuwa wawili, na fulana ya Verlene ilikuwa na tundu la cheche begani.

Hatukuwa na mahali pengine pa kukimbilia. Bwana mmoja aitwaye Rusk, msimamizi wa bomba la mafuta huko Dakota Kaskazini, alikuwa amemwekea Verlene nafasi ya kuchomelea, na alitaka jibu kesho yake kabla ya saa sita mchana. Verlene hakunificha. Tukiingia kwenye watano, anabaki. Tusipoingia, Jumatatu anapakia vyombo vyake kwenye gari. Ana miaka hamsini na minane na magoti mabovu, na huko baridi hupasua midomo. Lakini mashine ya kukereza chuma ni yake, na mikono ni yake. Bila yeye mimi ni mtu mwenye waya nyingi.

Askari wa kwanza aliitwa Tibbets, kijana mrefu wa Georgia mwenye adabu. Alikata lakiri, akafungua mikanda bila shida (Verlene alinitazama), akaitoa karatasi yangu, akaisoma yote kutoka juu hadi chini. Nilimpenda hapo hapo. Wengi hawasomi.

Hatua ya kwanza aliifanya vizuri, ya pili na ya tatu pia. Hatua ya nne ilisema: *Tafadhali fungua kifuniko cheusi chini ya kasha.* Huko ndiko betri inakoingia. Tibbets alipindua kasha, akashika kifuniko kwa vidole, akazungusha kama anavyofungua mtu yeyote duniani.

Hakikufunguka.

Akazungusha kwa nguvu zaidi. Akakishika kwa pindo la shati. Akakibana katikati ya magoti. Nilimwona Verlene akivua kofia yake taratibu, kisha akaiuma ukingo.

Ndipo na mimi nilipoelewa.

Verlene amechomelea kwa gesi miaka thelathini. Kwenye mitungi ya gesi inayowaka, nati hukatwa thredi, ile mistari ya kuzungushia, kwa kinyume, ili mtu asije akafunga mpira wa gesi mahali pa oksijeni. Inafunguka upande ambao nyingine zote zinakazwa, na pembeni huwekwa vikato vidogo ili fundi aijue. Kasha letu lina vifuniko viwili chini, kimoja cha betri na kimoja cha kutolea unyevu. Verlene aliona betri ndiyo yenye moto, basi kifuniko chake akakikatia thredi za kinyume, akaweka na vikato. Hakuwaza. Kwake hiyo si fikra, ni mkono.

Tibbets, kwa hiyo, alikuwa anakaza. Alikaza kwa dakika saba.

"Samahani sana," alisema saa ilipolia, na alikuwa anatuambia sisi. "Nyumbani kwetu kopo la jemu likikataa tunaligonga mezani, ila hili niliona ni la serikali."

Sajini akaandika kitu. Vijana watatu wa kampuni iliyotufuata wakatazama viatu vyao, jambo ambalo lilikuwa la heshima.

Askari wa pili alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono minene, aitwaye Quiroga. Naye alifika hatua ya nne, akazungusha, kikakataa. Nikaanza kuhesabu vigae vya dari. Nilipofika ishirini na sita nilimsikia akisema peke yake, "Ala!"

Alikuwa anapapasa ukingo wa kifuniko kwa kidole gumba.

"Hiki ni cha gesi hiki," alisema, akakizungusha upande wa pili. Kikafunguka kama kimepakwa siagi. Aliweka betri, akakaa akaitazama taa bila papara, ikawaka. Dakika nane na nusu.

Verlene aliitoa kofia mdomoni.

Tuliporuhusiwa kutoka nyuma ya kamba, alimfuata moja kwa moja. "Wewe umechomelea wapi?"

"Sijachomelea, mama. Mimi ni mpishi. Nati ya mtungi kwenye jiko letu la kambi iko hivi hivi, ina vikato. Wiki ya kwanza niliikaza mpaka akaitwa fundi. Mkuu wa jiko aliniita majina ambayo siwezi kuyasema mbele yako."

"Yaseme tu."

"Kaniita kiazi."

"Aliyestahili kuitwa kiazi leo ni mwingine," Verlene alisema, akampa mkono.

Tukapanda gari, tukavuka lango la kambi.

"Nani aliyekata thredi za kinyume?" Verlene aliuliza.

"Wewe."

"Najua ni mimi, Dewey! Nauliza kwa nini hukuniambia."

Kifuniko kile nimekifungua labda mara elfu moja. Daftari langu lina kila jaribio tulilofanya, upepo ulikuwa kiasi gani, joto kiasi gani, ng'ombe wa jirani walilia mara ngapi wakalichanganya Sikio. Hakuna mahali nilipoandika kifuniko kinazunguka upande gani.

"Mkono wangu ulishazoea," nilisema. "Nadhani nilijifunza kwako."

Verlene akabadilisha gia. "Basi sote ni viazi."

Hatukuweza kubadilisha kifuniko, kwa kuwa sanduku la tatu lilikuwa limeshafungwa kwa lakiri. Kitu kimoja tu kiliruhusiwa kubadilishwa, nacho ni karatasi. Kanuni zilisema ukurasa mmoja, ulioandikwa upande mmoja, maneno yasiyozidi sitini, na uwe mezani kwa sajini kabla ya saa mbili na nusu asubuhi. Yangu ilikuwa na maneno hamsini na tisa.

Nyuma ya gari tulikuwa na Sikio la akiba. Tukalibeba mpaka mgahawa ulio ng'ambo ya barabara na hoteli tuliyolala, tukaliweka mezani kati ya chupa ya kechapu na bakuli la sukari. Ilikuwa kama saa kumi alasiri. Kulikuwa na mhudumu mmoja, Twyla, mama mwenye miwani ya kamba shingoni, na mzee mmoja mkulima wa ngano aliyekaa kwenye kaunta na kipande cha pai ya karanga za pekani.

"Maharage na mkate wa mahindi mara mbili," Verlene alisema. "Na tungependa kukusumbua baadaye."

"Kipenzi, ndiyo kazi ninayolipwa."

Nilianza kuandika upya. Baada ya *fungua kifuniko cheusi* niliongeza *kwa kufuata mshale wa saa*. Nikahesabu. Sitini na nne.

Verlene aliivuta karatasi. "Hizi 'tafadhali' zinafanya nini humu? Moja, mbili, tatu, nne."

"Ni adabu."

"Askari hajaombwa tafadhali tangu alipokula kiapo. Atadhani ni mtego." Akazifuta zote nne. Zikabaki sitini kamili, na niliona aibu kidogo kwa jinsi karatasi ilivyosomeka vizuri zaidi.

Twyla alipoleta chakula, tulimpa karatasi na kasha. Nilifungua daftari, nikaandika jina lake na saa. Alisoma kwa sauti, akafika hatua ya nne, akaingiza mkono chini ya kasha bila kulipindua, akazungusha.

"Limegoma, kipenzi."

"Umefuata mshale wa saa?" nilimuuliza.

"Nimefuata. Tazama." Akachora duara hewani na kidole, kama mtu anayetazama saa ya ukutani kutoka juu. Lakini kifuniko kilikuwa kinatazama sakafu. Saa yake na saa ya kifuniko zilikuwa zinakwenda pande mbili tofauti.

Niliandika: *Inategemea mtu amekaa wapi.* Sikuwa nimeliwaza hilo.

"Lete hapa," alisema yule mzee kutoka kaunta. "Naitwa Clem. Nimefungua vifuniko kabla nyinyi hamjazaliwa."

Nilimpa karatasi. Akaiweka chini ya kikombe chake cha kahawa.

"Mzee, inabidi uisome," nilimwambia.

"Tangu lini kifuniko kinahitaji barua?" Akakamata, akazungusha, mishipa ikamsimama shingoni. "Kimekwama. Hiki kimetengenezwa na mtu asiyejua..."

"Malizia, Clem," Verlene alisema, akimwaga chumvi kwenye maharage. "Nakusikiliza."

Clem alimtazama, akatazama tundu la cheche kwenye fulana. "Asiyejua kwamba mimi ni mzee," alimalizia.

"Hapo sawa."

Nikaandika: *Hakusoma. Karatasi ilitumika kama kisahani.* Hilo pia lilikuwa jibu. Tibbets alisoma kila neno, lakini nani alituahidi Tibbets mwingine? Wa kesho angeweza kuwa Clem mwenye miaka kumi na tisa.

Nilichora mshale uliopinda. Twyla akasema unafanana na ndoana ya samaki. Nilichora kasha lililopinduliwa, na Clem akauliza kama ni mkate. Nilichora mkono, na hapo Twyla akaenda kufuta kaunta, nikaona heri ya mkate.

Verlene hakuwa anatazama michoro yangu. Alikuwa amechukua kifuniko cha kopo la jemu, anakizungusha mezani kwa kidole. Namjua akiwa hivyo. Karakanani huwa hakati bati kabla hajakata katoni kwanza. Huiweka juu ya kazi, huipunguza hapa na pale, mpaka ikae yenyewe. Ana katoni za namna hiyo zimening'inia ukuta mzima, na hakuna hata moja yenye maandishi.

"Twyla, una mkasi?"

Akaweka kifuniko cha jemu juu ya karatasi yangu, kwenye ile nafasi tupu ya chini, akakizungushia kalamu, akakata duara. Kisha akachukua kalamu nene ya Twyla ya kuandikia vyakula vya siku, akachora mshale mmoja mnene kulizunguka tundu. Alipindua kasha, akaivisha karatasi juu ya kifuniko. Kifuniko kikatokeza katikati ya tundu kama kichwa kwenye kola, na mshale ukakizunguka ukionyesha njia. Upande mmoja tu ulikuwa na maandishi, kwa hiyo huwezi kuivisha kinyume. Na huwezi kuivisha kabisa bila kwanza kulipindua kasha.

Nilitafuta kosa. Niliichukua, nikaivua, nikaivisha mara nne. Kisha nikafuta *kwa kufuata mshale wa saa*, nikaandika *pindua, visha karatasi, fuata mshale*, maneno matano kwa matano.

"Sema basi," alisema.

"Subiri niangalie."

Nilipiga simu kambini. "Sajini, samahani. Karatasi ya maelekezo inaweza kuwa na tundu?"

Nilisikia kurasa zikifunguliwa. "Kanuni inasema ukurasa mmoja, upande mmoja, maneno sitini. Haisemi chochote kuhusu matundu." Akazifunga. "Mama Stroud anafanya nini sasa hivi?"

"Amekata tundu."

"Sijauliza na sijasikia. Saa mbili na nusu, Bwana Haskett. Isichelewe."

Tulihitaji mtu ambaye hakuwa amekiona chombo. Twyla alimwita mpishi wa jikoni, Hollis, mtu mkubwa mwenye unga kwenye nyusi. Alitutazama, akatazama kasha, akaitazama karatasi yenye tundu, na kabla hajasoma neno hata moja akafanya kile ambacho tundu linamfanya mtu afanye. Alitafuta kitu cha kuliingiza. Akalipindua kasha, akaivisha karatasi, akafuata mshale. Kifuniko kikatoka mkononi mwake. Sekunde thelathini na nane.

Clem alipiga kaunta. "Anatumia udanganyifu! Amesaidiwa na karatasi!"

"Ndiyo maana ya karatasi, Clem," Twyla alimwambia.

Nilikuwa nimeanza kutabasamu, na Verlene alishaagiza pai, Hollis alipoweka betri kama inavyotakiwa, akaitazama taa. Taa ya Sikio huchukua sekunde arobaini na tano kuwaka, kwa sababu linasikiliza kwanza ukimya wa mahali lilipo. Hollis alisubiri kama sekunde kumi. Kisha akatikisa kichwa, akaitoa betri, akaigeuza, akairudisha kinyume.

"Limekufa," alisema. "Poleni sana, jamani."

Verlene akauweka uma chini.

Nilirudi nyuma kwenye daftari. Tibbets hakufika kwenye taa. Quiroga alifika, na alisubiri, lakini Quiroga ni mpishi.

"Na Hollis je?" Verlene alisema nilipomweleza. "Naye si mpishi?"

"Mimi ni wa kukaanga," Hollis alijitetea. "Kwangu kitu kikikaa sekunde kumi bila sauti, jiko limezimika."

Kwa hiyo ilihitajika hatua ya saba, ambayo karatasi haikuwa nayo. Ilitakiwa kusema kwamba subiri, usiguse, taa itawaka, na sikuwa na neno hata moja la akiba. Nilianza kuyapima yale sitini moja moja, lipi linaweza kuondoka bila mtu kulikumbuka. Verlene alisema huenda tunaweza kukata kitu kingine. Hollis akasema kama ni yeye, angeweka picha ya yai linalochemka. Clem akataka kujua ni yai la dakika ngapi. Mjadala huo ulichukua muda mrefu kuliko nilivyopanga, na sikuona nani ana makosa.

Twyla alianza kupandisha viti juu ya meza za mwisho. Jua lilikuwa bado kwenye vioo vya mbele, lakini siku za wiki hufunga saa kumi na mbili. "Nafungua tena saa kumi na moja na nusu alfajiri," alisema. "Madereva wa malori ya nafaka huingia wote kwa pamoja. Kuna kumi na wawili hivi, na hakuna hata mmoja anayependa kusoma. Wawahini kabla hawajapata kahawa."

"Hao ndio ninaowataka," nilisema, nikaandika *madereva, 12, kabla ya kahawa*.

Simu ya Verlene ikalia mezani. Aliitazama, akaipokea.

"Rusk. Hapana, sijaamua... Najua umesema saa sita. Saa tatu na dakika kumi nitakuwa najua, nitakupigia mwenyewe... Sasa hivi siwezi, nina kazi." Alisikiliza kidogo. "Basi mpe mwingine, kama huwezi kungoja asubuhi moja. Hapana, sijakasirika. Mimi ndivyo ninavyoongea."

Akaigeuza simu uso chini. Alichukua karatasi safi ya nakala ya kupeleka kambini, akaweka juu yake kifuniko cha jemu, akakizungushia kalamu taratibu mpaka duara likafunga. Akashika mkasi, akauweka.

"Kesho," alisema. "Macho yamechoka, tundu litatoka na umbo la yai. Na wewe acha kuhesabu."

"Nikiongeza *subiri, usiguse*, yanakuwa sitini na mawili."

"Yatakuwa sitini na mawili hata asubuhi."

Twyla alituruhusu tuache kila kitu pale pale, kasha, mkasi, karatasi yenye duara ambalo halijakatwa. Nilifungua daftari mara ya mwisho, nikaandika *Hatua ya 7*, nikaacha mstari mtupu mbele yake, nikafunika kalamu.